Siku tatu Zion: basi la bure nyota tano, saa yangu nyota moja

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na kama wengi wa kwetu, Kilimanjaro nimeiangalia miaka yote bila kuipanda hata siku moja. Kazi ya kupanda tuliwaachia wageni. Kwa hiyo mama alicheka mpaka akakohoa aliposikia kwamba nimepanda ndege kutoka Houston kwenda kutembea kwa miguu kwenye miamba ya jangwani, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, siku tatu za Oktoba katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, kusini mwa jimbo la Utah, Marekani. Kila tuliyemwomba ushauri alitaka tuongeze na hifadhi nyingine, Bryce, na Arches, na Grand Canyon, humohumo. Kutoka Zion hadi Arches tu ni kama saa tano barabarani. Nikamwambia wifi, tunakwenda kutembea, hatuendi kushika usukani. Huo ndio uamuzi wangu wa maana katika safari nzima. Nautaja mapema, maana unaofuata ni wa aibu.

Njia inayogombewa pale ni Angels Landing, ukingo mwembamba wa mwamba unaopandwa kwa kushika minyororo. Tangu Aprili 2022 huigusi minyororo ile bila kibali, na kibali kinatoka kwa bahati nasibu ya mtandaoni. Kuna bahati nasibu ya msimu, ambayo inataka ujipange mapema sana, na kuna ya siku moja kabla: unalipa dola 6 kwa ombi moja la hadi watu sita, mwisho saa 9 alasiri, majibu saa 10. Mkipata, mnaongeza dola 3 kwa kila kichwa. Mkikosa, zile 6 ndiyo zimekwenda.

Ya msimu ilishatupita. Tulipotua Las Vegas tukakaa mahali kula, nikatoa simu niombe ya kesho yake. Saa 8 na dakika 20 mchana, muda upo, nikaagiza na chai kabisa. Ukurasa ukagoma kupokea tarehe. Nikajaribu tena, nikazima simu nikawasha, nikaulaumu mtandao wa mgahawa. Wifi akaniangalia, akauliza kwa upole: "Wifi, hiyo saa ni ya wapi?"

Las Vegas iko Nevada, na Nevada iko saa moja nyuma ya Utah. Kule ilishakuwa saa 9 na dakika 20. Mimi ambaye tangu shule ya msingi nageuza saa za Kiswahili na za Kizungu kichwani bila kufikiri!

Sasa tuje kwenye basi, ambalo ndilo limenifanya niandike. Kiingilio tulilipa dola 35 kwa gari, siku saba. Lakini kuanzia machipuko hadi mwishoni mwa Novemba gari lako haliruhusiwi kwenye barabara ya ndani ya korongo. Unapanda basi la hifadhi, bure, bila tiketi, unashuka na kupanda kituo unachotaka. Utaratibu huo upo tangu mwaka 2000. Mji wa Springdale nao una mabasi yake, bure vilevile, yanayokushusha langoni, hivyo gari letu lililala kwenye nyumba ya wageni siku mbili nzima. Tulikuwa kwenye foleni saa 12 na nusu asubuhi, giza bado, na basi la kwanza likatuchukua. Waliofika saa 3 walikuta maegesho ya hifadhi yamejaa.

Kasoro yake ni jioni. Kituo cha mwisho, Temple of Sinawava, tulisimama karibu saa nzima tukirudi, tumebanana na watu waliolowa mpaka kiunoni, harufu ya soksi usiseme. Na usicheze na basi la mwisho. Ukiachwa huko juu, ni kama maili 9, kilomita 14 na ushei, kwa miguu gizani.

Walilowa kwa sababu kutoka kituo hicho unaanza The Narrows, na The Narrows haina njia. Njia ni mto wenyewe. Unatembea ndani ya Mto Virgin, kuta zimepanda pande mbili mpaka mbingu inabaki utepe. Chini ni mawe ya mviringo usiyoyaona, kama umemwagiwa maboga na kuyapaka sabuni. Kila hatua unatanguliza fimbo, unasikilizia, ndipo unaweka mguu. Viatu tulikodi mjini, katika duka ambalo sitalitaja. Kijana wa kaunta aliniambia namba itatosha. Haikutosha. Kufika pale kijito cha Orderville kinapoingilia mtoni, kidole gumba kilikuwa kimeshakata shauri, tukageuza. Jaribu viatu ukiwa umevaa zile soksi nene za mpira, na utembee dukani hata kama wanakukodolea macho.

Asubuhi ya kwenda mtoni soma kwanza tangazo la mafuriko ya ghafla kwenye kituo cha wageni. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, kwako jua linawaka, na maji yakakukuta ndani. Septemba 2015 watu saba walifariki hivyo katika korongo moja la hifadhi hiyohiyo. Na maji ya mto usinywe hata kwa kuchuja, hifadhi yenyewe inakataza kwa ajili ya sumu ya bakteria. Beba yako. Kule hakuna mpagazi wala mpishi kama kwetu mlimani. Lita tatu nilizibeba mwenyewe na mabega yalinikumbusha usiku kucha.

Bahati nasibu tuliijaribu tena kwa siku ya tatu, safari hii mapema kwa saa za Utah. Tukakosa, kihalali. Hata hivyo hadi Scout Lookout, kabla minyororo haijaanza, hakuhitajiki kibali, na kona 21 za Walter's Wiggles, ile njia ya zigizaga ya kupandia huko, zinatosha kumtoa mtu jasho. Jua lilipogonga ukuta wa ng'ambo, niliona mistari ya mshazari ndani ya jiwe: ni vilima vya mchanga wa jangwa la kale, vikagandamana, na chuma kilichomo ndicho kimepiga kutu kikaleta ule wekundu. Nilikaa kuiangalia, kindi akaja akapasua mfuko wetu wa tende. Wifi alimfokea kwa Kichaga. Hakujali.

Mchana tukaanza kurudi. Tulipoipita St. George na kuingia Arizona, simu ikarudi nyuma saa moja. Wifi akaisoma, akanigeukia: "Haya, wametulipa deni." Tukaegesha kituo cha mafuta, nikavua viatu, tukamalizia chapati za juzi.