GeoGebra ya kwenye simu, kwa anayehangaika na milinganyo ya mabano

Jamani wenye watoto sekondari, kama mtoto anasumbuliwa na ile milinganyo ya mabano, zile (x − 2)(x + 3) = 0, mwekeeni GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwenye simu. Ni ya bure, aliianzisha Markus Hohenwarter kule Austria mwaka 2001, na ukishaipakua grafu inachora hata bando likiisha. Mi nafundisha tuisheni na hii programu naipenda kwelikweli.

Utamu wake uko hapa. Wanafunzi wengi wameshakariri kwamba x ni 2 au −3, ila hebu mpe (x − 2)(x + 3) = 14 uone, fasta anaandika x − 2 = 14, x + 3 = 14, anakuletea 16 na 11, kashapotea. Ule ujanja ni wa sufuri tu, maana namba mbili zikizidishwa zikaleta sufuri lazima mojawapo iwe sufuri, lakini 14 inapatikana kwa njia kibao, 2 mara 7, 1 mara 14, hata nusu mara 28. Ukimwambia kwa mdomo anaitikia tu ndiyo mwalimu. Sasa aandike y = (x − 2)(x + 3) halafu y = 14, abane skrini kwa vidole viwili kidogo maana 14 iko juu, anaona mwenyewe mistari inakutana kwenye 4 na −5. Hapo ndo anakubali kufungua mabano, kuhamisha 14, kupata x² + x − 20 = 0 na kuanza upya na (x + 5)(x − 4) = 0.

Kingine andika (x − a)(x − b), inaleta slaida za a na b, yaani vitufe vya kuvuta kubadili namba, ukiivuta b taratibu kuifuata a zile sehemu mbili za kukata mhimili wa x zinasogeleana mpaka zinakuwa moja, grafu inagusa tu na kurudi juu. Jibu la kujirudia limeonekana hilo!

Kasoro zipo. Kwenye x² − 2 grafu inakupa 1.41 wakati jibu kamili ni √2, na hatua za kazi haikuandikii, kwahiyo daftari kwanza, simu ni ya kuhakiki. Nyota 4 kati ya 5. Kama simu ina kioo kidogo ifungueni kwenye kompyuta kwa kivinjari, slaida zinavutika vizuri zaidi.