Fundi wa tailsi Migosi, Kisumu, siku tatu za kwanza hakuweka hata moja

Nimekaa na hii sakafu miezi minne ndio nikaamua kuandika, juu sitaki kusifu fundi wiki ile ile amemaliza, wakati huo kila tailsi inang'aa.

Nyumba yetu ni ya zamani, chini ilikuwa ile simiti ya kupigwa nil, yaani kulainishwa juu na uji wa simiti, na rangi nyekundu, na tumeipaka polishi kila Jumamosi miaka na miaka. Mwaka jana fundi wa kwanza alikuja asubuhi akafagia, akakoroga simiti, akaanza kupanga tailsi juu ya hiyo polishi, kufika jioni sebule imeisha na mimi nikalipa nikiwa na furaha. Kabla ya Krismasi ukikanyaga karibu na mlango unasikia kama debe tupu. Moja niliinua na kisu ya mezani ikatoka nzima, na simiti ya mgongoni mwake ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko, imechukua ule wekundu. Iliniuma sana, juu boksi za tailsi si pesa kidogo.

Huyu wa pili nilielekezwa na jirani. Baada ya kutoa zile za zamani, kitu ya kwanza alimwaga maji kidogo chini akachuchumaa akaangalia. Maji yakasimama matone matone kama juu ya jani la nduma. Akaniambia, "Mama, mahali maji hayaingii, hata simiti haitashika." Basi siku nzima ikaenda kukwangua polishi na grinda, halafu akadonoadonoa sakafu yote na tindo mpaka ikakaa kama uso wa mtu aliyeugua ndui, akafagia, akaosha, akamwaga maji tena. Safari hii yakanyonywa.

Kesho yake akaleta chuma ya alumini ya mita mbili akailaza kila upande. Hapo ndio nikajua sebule yangu ina bonde, kona ya dirishani chuma ilikuwa juu karibu sentimita mbili na yeye anasema haitaki kuzidi milimita tatu. Hilo bonde hakulijaza na gundi ya tailsi vile wengine hufanya, anasema ikiwa nene hivyo husinyaa ikikauka na tailsi zinashuka. Alilowesha, akapaka uji wa simiti na brashi, akaweka skridi, yaani tabaka la kusawazisha, la simiti moja kwa mchanga tatu, akaisawazisha akifuata chuma. Siku ya tatu alishughulika na ufa wa mlangoni tu, kisha akasema tumwagilie hiyo kona asubuhi na jioni na tusimpigie simu mpaka wiki iishe. Bwanangu alinung'unika lakini tulingoja. Aliporudi akabandika karatasi ya nailoni kwa tepu pembe zote, akaiacha mpaka kesho, akakuta chini yake kukavu ndio akafungua gundi.

Kupanga tailsi kulichukua siku mbili tu. Na joto la Kisumu hakuwa anapaka eneo kubwa, alipaka penye tailsi tatu ama nne na mwiko wa meno, akikuta juu imekauka anakwangua anaanza upya. Kila baada ya tailsi kadhaa anainua moja kuona kama gundi imeshika mgongo wote.

Bei, alinitoza 6,000 ya kutayarisha sakafu, mbali na ya kupanga. Nilibishana, leo ningelipa bila neno.

Lalamiko langu ni vumbi. Ile grinda ilijaza vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo na hakuniambia nifunike mapema, kwa hivyo wewe toa kila kitu, hata mapazia. Pia huchelewa, akisema saa mbili hesabu saa tatu na nusu.

Jana nimepita sebule yote nikigonga na sarafu ya shilingi ishirini, kona ya dirishani nikagonga mara mbili, hakuna inayolia. Jikoni anaanza Jumatatu, nimeshahamisha sufuria.