Uzoefu wangu: mwongozaji wa Gettysburg anayeendesha gari lako mwenyewe

Mara ya kwanza nilikwenda Gettysburg, Pennsylvania, penye uwanja wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini, peke yangu na programu ya sauti kwenye simu. Nikarudi nimeona mashamba, nyua za mbao na mawe. Minara na mawe ya kumbukumbu pale yapata 1,300. Ukifika la thelathini macho yamechoka. Na hiyo programu, jina nalihifadhi, ilikuwa inakatakata, kisha inaanza kunieleza kilima nilichokwisha kukipita.

Safari hii nilikuwa na mgeni. Baba mdogo alikuja kututembelea Minneapolis kutoka Tanga. Ni mwanajeshi mstaafu, vita ya Kagera aliiona kwa macho yake. Nikataka akaone walikopigana vijana wa huku kwetu ugenini, Rejimenti ya Kwanza ya Wanajeshi wa Miguu wa Kujitolea ya Minnesota. Nikaweka nafasi ya mwongozaji mwenye leseni.

Utaratibu wake ni huu: saa mbili, bei ni ya gari zima hadi watu sita, na mwongozaji ndiye anayeshika usukani wa gari lako. Baba mdogo hakulipenda hilo hata kidogo. Akaninong'oneza, "Huyu mzee unamjua, au unampa tu funguo?" Nikamweleza kwamba waongozaji hawa wanafanyishwa mtihani wa kuandika na wa mdomo, na leseni hizo zipo tangu 1915. Akanyamaza, ila mkono hakuutoa kwenye mshikio wa mlango.

Ushauri wangu mkubwa: sema mapema unachotaka. Usiposema utapewa majenerali tangu mwanzo hadi mwisho, na hata sisi tuliosema tulikula kama dakika arobaini za majenerali. Lakini tulipofika Cemetery Ridge, mgongo wa kilima uliokuwa wa Kaskazini, penye sanamu ya askari wa shaba anayekimbia na singe mbele, mzee yule alizima gari, akabadilika kabisa.

Minnesota ilikuwa jimbo changa, imejiunga na Marekani 1858 tu. Aprili 1861 gavana wake, Alexander Ramsey, alijikuta yuko Washington habari za Fort Sumter, ngome iliyoshambuliwa na Kusini vita ikaanza, zilipofika, akawahi kuahidi watu 1,000 kabla ya jimbo jingine lolote. Wengi walikuwa wakulima na wakata magogo. Siku chache kabla ya Gettysburg kamanda wao, Kanali William Colvill, alikuwa amewekwa chini ya ulinzi, kosa lake kuwaacha askari wavuke kijito juu ya gogo badala ya kutumbukia majini. Nilipokwisha kulitafsiri hilo baba mdogo alicheka hadi akakohoa. "Jeshi ni jeshi," akasema.

Kicheko kiliishia hapo. Julai 2, 1863, jioni, kikosi cha mbele cha Jenerali Sickles wa Kaskazini kilikuwa kimevunjika, na brigedi ya Alabama ya Jenerali Wilcox wa Kusini inapanda kuelekea pengo tupu. Jenerali Hancock wa Kaskazini alihitaji dakika chache tu ili askari wengine wafike. Waliokuwa karibu ni hawa wa Minnesota. Mnara wenyewe unasema walioshambulia ni 262, walioanguka 215, waliobaki kwenye mstari 47. Na hao waliobaki walipigana tena kesho yake.

Mwongozaji alitushusha tukatembea mteremko hadi kijito cha Plum Run. Kwenye simu hili hulipati. Ni karibu mno! Baba mdogo alihesabu hatua kwa sauti, halafu akauliza maswali ambayo nadhani mzee yule hajazoea kuulizwa: maji walikunywa wapi, majeruhi walibebwa na nani, sare ilikuwa ya kitambaa gani. Kuambiwa sufu, mwezi wa Julai, akatikisa kichwa. Tangu hapo wale wazee wawili walielewana kwa mikono, mimi mkalimani nikawa sina kazi.

Natoa nyota nne. Moja naiondoa kwa sababu saa mbili hazitoshi, hasa ukiwa unatafsiri. Kila sentensi inasemwa mara mbili. Kama unakuja na wazazi wasiojua Kiingereza, uliza kama unaweza kuongezewa muda. Chukua kofia pia, kivuli ni cha kutafuta.

Makaburi ya taifa hayakuingia kwenye saa zetu, tulikwenda wenyewe kwa miguu baadaye. Kuna chombo cha marumaru kidogo, mfano wa mtungi, waliouweka ni wale wa Minnesota walionusurika, kuwakumbuka wenzao, 1867, miaka thelathini kabla ya ile sanamu kubwa. Baba mdogo alikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Kwa hiyo tenga nusu saa ya ziada.