Sproketi na Cheni kwa Pikipiki ya Milimani: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Mteja akifika kwenye duka la vipuri na kusema "nipe sproketi za Boxer", muuzaji humpa pakiti yenye picha ya pikipiki ya Boxer, naye hulipa na kuondoka bila kuifungua ahesabu meno ya sproketi, yale magurudumu yanayoshika cheni. Kwa dereva anayezunguka Tanga mjini, ambako njia ni tambarare na mzigo mzito kuliko wote ni abiria na begi lake, kosa hilo halimgharimu sana. Kwa yule anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona zinazoanzia takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari na kuishia karibu na mita 1,400, kisha anaiacha lami na kuingia kwenye njia za udongo mwekundu kufuata viazi, kabichi na matenga ya matunda, idadi ya meno ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na unapanga machaguo yaliyopo madukani kuanzia lile linalostahili pesa yake hadi lile ambalo hata akipewa bure asilifunge.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 kwenye sproketi ya mbele na meno 42 kwenye sproketi ya nyuma. Ukigawanya 42 kwa 14 unapata 3, maana yake shafti ya gia huzunguka mara tatu ili tairi la nyuma lizunguke mara moja. Ukipunguza jino moja mbele na kubaki na 13, jibu linakuwa 3.23, na mvuto unaofika kwenye tairi unaongezeka kwa karibu asilimia 8. Ili upate ongezeko linalokaribia hilo kwa kubadilisha sproketi ya nyuma peke yake, itakubidi uongeze meno matatu, kutoka 42 hadi 45. Ndiyo maana mafundi husema jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma.

Asilimia 8 inaweza kuonekana ndogo mpaka ukumbuke jinsi mlima unavyoibana injini. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini inayotumia kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jino moja haliirudishii injini nguvu iliyopotea, lakini linairudishia tairi sehemu kubwa ya mvuto, na dereva anaacha kuunguza klachi kwa kuivutavuta kila anapoikuta kona kali akiwa na gunia la lumbesa nyuma. Kinachopungua ni mwendo: kwa mzunguko uleule wa injini, pale ulipokuwa ukienda kilomita 60 kwa saa sasa utakwenda 56 hivi. Sijaona kijiwe chochote cha milimani ambako hilo ni hasara.

Faida nyingine, ambayo wanunuzi wengi huisahau, ni ya kushuka. Pikipiki yenye jino moja pungufu mbele hushikwa zaidi na injini ukiwa kwenye gia ya pili au ya tatu, hivyo brekishuu za nyuma hazipati moto mapema. Aliyewahi kuteremka hadi Mombo na mzigo, akakuta pedali ya breki imekuwa laini chini ya mguu kabla hajafika tambarare, hahitaji kushawishiwa zaidi.

Kwa sababu hizo, nafasi ya kwanza naipa seti kamili, yaani cheni na sproketi zote mbili mpya, ambayo sproketi yake ya mbele ina jino moja pungufu kuliko ile ya kiwandani na cheni yake ni ya kawaida lakini nene, ile inayoandikwa 428H. Seti nyingi hupakiwa zikiwa na idadi ya meno ya kiwandani, kwa hiyo mara nyingi utanunua seti kisha uongeze sproketi moja ya mbele yenye meno 13 kutoka kwenye rafu. Ile ya 14 usiitupe, kwani siku ukiiuza pikipiki kwa mtu wa tambarare ataiulizia. Hakikisha tu kwamba tundu lenye meno ya ndani linakaa sawasawa kwenye shafti ya pikipiki yako. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na sproketi kuukuu mfukoni na kuilaza juu ya mpya.

Namba ya cheni nayo isomwe vizuri, maana hapo ndipo watu wengi huuziwa kisichofaa. Cheni ya 428 na cheni ya 420 zina hatua ileile ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na kwa macho zinafanana. Tofauti yake ni upana wa ndani, ambao ni milimita 7.94 kwa 428 na milimita 6.35 kwa 420, kwa hiyo ile nyembamba haitakaa kwenye meno ya sproketi za 428 hata fundi akilazimisha. Herufi H inaonyesha kwamba mabamba ya pembeni ni manene zaidi, na haibadilishi sproketi unayohitaji.

Kuna faida ndogo ya jino la 13 ambayo hainishawishi kununua lakini inanifurahisha. Cheni huwa na idadi shufwa ya viungo, na sproketi yenye meno witiri huzungusha kila jino lake likutane na viungo vya aina zote mbili, vya ndani na vya nje, badala ya jino moja kupigwa na viungo vilevile daima. Uchakavu unagawanyika. Pamoja na hayo, usivutwe na tamaa ya kushuka hadi 12. Kadiri sproketi ya mbele inavyokuwa ndogo, cheni hukunjwa kwa ukali zaidi na meno machache ndiyo yanayobeba mzigo wote, na cheni yenyewe hushuka na kuanza kusugua kipande cha mpira kilicho juu ya mkono unaoshika tairi la nyuma. Hata kwa 13, mpira huo ukaguliwe siku ya kufunga.

Kuhusu majina, cheni za Rolon na TIDC Diamond za India, pamoja na DID na RK za Japani, ni kazi za viwanda vinavyojulikana, na cheni halisi huwa na jina la kiwanda lililogongwa kwenye bamba la kiungo. Lakini pakiti huigwa, na hata jina linalogongwa kwenye bamba huigwa. Kwa hiyo mimi huenda dukani na tupa ndogo. Ninamwomba muuzaji ruhusa, kisha ninaipitisha tupa kwa wepesi kwenye ubavu wa jino moja: kama jino limekomazwa kwa moto, tupa huteleza na kutoa mlio mkali mwembamba bila kuacha alama ya maana, kama ni chuma laini, tupa huuma mara moja na unga unaong'aa hubaki kwenye vidole. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la sekunde tano amekwisha kunijibu.

Tabia hiyo nilijifunza kwa hasara. Seti yangu ya kwanza niliinunua kwa bei ya kutupa kwenye duka ambalo sitalitaja, na baada ya miezi miwili meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama mundu. Nilikuwa juu kidogo ya Soni, kwenye njia hiyohiyo ya Lushoto, na gunia la viazi nilipoisikia cheni ikiruka juu ya meno, ko-ko-ko, mara tatu, kisha ikakatika na kulipiga kava la injini. Gharama ya kulichomelea kava hilo ingetosha kununulia seti nzuri na kubaki na chenji ya chai.

Nafasi ya pili ni seti yenye jino pungufu mbele na cheni yenye vipete vya mpira katikati ya mabamba. Vipete hivyo hufungia grisi ndani ya pini na kuzuia matope na vumbi kuingia, na kwa pikipiki inayoendeshwa na mwenyewe, anayeitunza, cheni ya namna hiyo huishi muda mrefu zaidi. Naiweka ya pili kwa sababu mbili. Kwanza bei yake ni ya juu kiasi kwamba kuuziwa feki kunauma zaidi. Pili, kwa upana wake huweza kugusa kava la cheni kwenye baadhi ya pikipiki ndogo. Tena haivumilii desturi yetu ya kuoshea cheni kwa petroli, ambayo huharibu mipira hiyo. Ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, na mashine ya maji ya kasi isielekezwe kwake.

Kwa dereva wa mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, chaguo hili ni gumu kwa sababu isiyo ya kifundi: bosi ndiye anayenunua na dereva ndiye anayesukuma pikipiki ikikatika cheni. Ni vyema jambo la nani analipia seti liandikwe kwenye mkataba kabla ya funguo kukabidhiwa.

Nafasi ya tatu ni kuongeza meno nyuma na kuiacha ya mbele ilivyo. Kwa cheni yenyewe njia hii ni ya upole, kwa kuwa haikunjwi zaidi, lakini sproketi kubwa ni ghali kuliko ndogo, na meno matatu ya ziada hula kiungo kimoja na nusu cha cheni, hivyo ekseli ya tairi la nyuma itasogea mbele karibu milimita 10 au utahitaji cheni ndefu zaidi. Kama ekseli yako tayari iko mbele kabisa, hakuna nafasi ya kutosha.

Nafasi ya nne ni kubadilisha sproketi ya mbele tu, juu ya cheni inayoendelea kutumika. Inakubalika iwapo cheni imepimwa na bado ni nzima. Cheni iliyorefuka huila sproketi mpya kwa haraka, kwa sababu hatua yake hailingani tena na ya meno. Cheni mpya peke yake juu ya sproketi zilizochongoka naiweka mwisho, pamoja na ule mtindo wa kukata kiungo ili cheni iliyolegea ikaze: kiungo kinapungua, lakini vilivyobaki vimerefuka vilevile.

Wakati wa kufunga, upande uliofumba wa klipu ya kiungo kinachounganisha ncha mbili za cheni uelekee kule cheni inakokwenda, na ulegevu upimwe katikati ya sehemu ya chini ya cheni. Kwa pikipiki nyingi ndogo ulegevu huo ni milimita 25 hadi 35, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa, na tairi lizungushwe kwanza ili upime pale cheni ilipokaza zaidi. Kisha mkalishe mtu mmoja au wawili kwenye kiti na uangalie tena, maana cheni iliyo sawa ikiwa tupu inaweza kukaza kama kamba ya gitaa mzigo ukipanda, na hapo inazivuta beringi za shafti. Baada ya siku mbili za kazi kaza tena bolti za sproketi ya nyuma.

Kwa ukaguzi wa baadaye rula ya shule ya sentimita 30 inatosha. Vuta cheni ikaze, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na moja, yaani hatua 20: cheni mpya ya 428 itasoma milimita 254, na ikifika 259 imerefuka kwa asilimia 2, basi panga safari ya dukani kabla ya msimu wa viazi haujaanza.