Mama, kibodi si kinu

"Mama, kibodi si kinu." Maneno hayo manne niliambiwa mbele ya wateja wasiopungua watano, katika duka moja la kompyuta mjini Malindi, na kijana ambaye ningeweza kabisa kuwa mama yake, na wateja wale wakacheka. Duka sitalitaja. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu, nikilala nayo na kuamka nayo, na leo nimeamua kuandika uzoefu wangu na kibodi isiyo na waya niliyoinunua hapo, ingawa nakiri mapema kwamba kila ninapoanza kuieleza kibodi, mkono unarudi kwa yule kijana.

Kazi yangu ni kuchapa. Hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, watu huniletea barua za kupeleka ofisini, mikataba, maombi ya kazi na kadi za harusi, nami huzichapa kwenye laptopu ambayo nusu ya vitufe vyake vyenyewe ilikufa zamani. Kibodi isiyo na waya niliitaka kwa sababu ya mgongo: naiweka mapajani, naegemea mto, na kioo kinabaki juu ya meza bila waya wa kuwakwaza wajukuu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiisifu kama bibi harusi. Vitufe vyake ni laini, sauti yake ni ndogo, na mtu aweza kuchapa usiku wa manane bila kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Lau ningeandika wakati ule, ningetoa nyota zote tano na kuomba ya sita.

Kisha matatizo yakaanza. Kwanza herufi zikawa zinarukwa, kisha vitufe vyote, si kimoja wala viwili, vikawa havijibu mpaka vishikiliwe. Nilianza na betri, kama kila mtu anavyoanza, nikatia mpya, na hali ikabaki ilivyo. Baadaye nikasoma kwamba kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB huwasiliana na kibodi kwa mawimbi ya gigahatsi 2.4, ambayo Wi-Fi nayo huyatumia, na kwamba matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi ndani yake huwa na rangi ya samawati, hutoa kelele za redio zinazoyaingilia mawimbi hayo hayo. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimekichomeka sako kwa bako na diski ya nje ninayohifadhia kazi za wateja. Nikakisogeza kwa waya wa kurefushia hadi ukingoni mwa meza, na herufi zikaacha kurukwa. Anayepatwa na hili na aanzie hapo, maana ni jambo la dakika moja. Lakini ule uzito wa vitufe haukuondoka, nami nikazoea kubonyeza kwa nguvu na kushikilia kila herufi mpaka itokee.

Halafu, kusi iliposhika kasi, herufi a ikafa. Mvuvi mmoja alikuwa amekaa barazani akisubiri mkataba wa kuuza mashua yake, na mnunuzi yuko kando yake na pesa mfukoni. Nikaandika kichwa cha mkataba, na kilichotokea kwenye kioo ni "mktb w kuu mshu", kwa sababu z nayo ilikuwa imefuata a kaburini. Hesabu a zilizomo katika sentensi yoyote ya Kiswahili uone balaa lililonifika. Nikafungua barua ya zamani, nikanakili a moja, kisha nikawa naibandika kwa Ctrl na V kila palipohitajika, a baada ya a, kurasa mbili nzima, huku mvuvi akiniuliza kwa adabu kama maneno yake ni magumu kuandika. Zile z niliziachia nafasi, nikazirudia zote mwishoni kwa mkupuo mmoja.

Waranti ilikuwa haijaisha. Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi, nikapita Witu na Garsen hadi Malindi, nikalala kwa dada yangu, na kesho yake nikaenda dukani, nikakuta wateja wamejaa. Kijana hakuinua macho kwenye simu yake. Nilimsalimu, akaitikia kwa kidevu. Nikamweleza kwamba a na z hazifanyi kazi na nyingine zote zinafanya. "Betri hiyo," akasema. Nikamwambia, "Mwanangu, betri haichagui herufi. Ikiisha nguvu, zinagoma zote." Hakujibu. Alirarua pakiti ya betri za kuuza, akazitia, akachomeka kipokezi kwenye kompyuta ya duka, akabonyeza a. Kimya. Akabonyeza tena, kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyotaka kuingia. Nikamwomba anipishe, nikabonyeza kama ninavyobonyeza nyumbani, na hapo ndipo aliposema maneno yake.

Akaongeza kwamba waranti haimlindi mtu anayetwanga, na kwamba huenda pia nimeimwagia chai. Chai! Mimi sinywi chai karibu na kazi za watu. Kahawa labda, mara moja au mbili, lakini si chai. Kisha, na hili ndilo linalonikosesha usingizi, akanidai bei ya zile betri, kwa kuwa pakiti ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Na nani aliyeifungua? Nikalipa. Sijui kwa nini nililipa. Wateja walikuwa wakinitazama, na mmoja wao alikuwa bado anacheka na andazi mdomoni.

Hukumu niliyoiandaa ndani ya basi wakati wa kurudi ilikuwa fupi: kibodi mbovu, duka bovu, na malezi mabovu, asinunue mtu. Kama mtandao usingekuwa unakatika njiani, mngeisoma siku ile ile.

Siku chache baadaye mjukuu wangu anayesoma sekondari aliketi kuandika kazi yake ya shule, akaniuliza, "Bibi, mbona kila kitufe lazima nikishikilie?" Nikamwambia ndivyo kibodi ilivyo, ni mbovu. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akazima kitu kimoja, na vitufe vyote vikawa vyepesi kama siku ya kwanza, isipokuwa vile vilivyokufa. Kumbe katika Windows, ukishikilia kitufe cha Shift cha kulia kwa sekunde 8, unaulizwa kama unataka kuwasha mpango unaopuuza miguso mifupi, nao uliwekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka. Mimi nina tabia ya kuegesha kidole pale, tayari kwa herufi kubwa, wakati mteja anafikiri jina la mtu anayemwandikia. Kioo kiliuliza, nami nikakubali bila kusoma, kama ninavyokubali mambo yote ambayo kioo huniuliza.

Nilinyamaza muda mrefu. Maana yake ni kwamba kweli nilikuwa nikitwanga. Nilitwanga miezi kadhaa kwa sababu kompyuta ilikuwa imeambiwa isinisikie nikigusa kwa upole, mkono ukazoea, nikausafirisha na mazoea yake hadi Malindi, nikautwangisha mbele ya kadamnasi kwenye kompyuta ya duka ambayo haikuwa na tatizo hilo. Kijana aliona alichokiona. Jambo hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo. Kusema kweli, liliiongeza, kwa sababu mtu mwenye adabu angeuliza, "Mama, mbona unabonyeza hivyo?" na swali hilo moja lingeniokolea miezi.

Hata hivyo a na z hazikufufuka, na hapo haki ilikuwa yangu. Mjukuu alifungua ile kibodi inayoonekana kwenye kioo, akawa anabonyeza kila kitufe halisi na kutazama kama mwenzake anawaka. Tukagundua kwamba q na 1 nazo zilikuwa zimekufa. Sikuwa na habari, kwa kuwa namba huzichapa upande wa kulia, na q Kiswahili chetu hakina kazi nayo ila mtu aandikapo Qur'ani. Sasa tazama kibodi yako: 1, q, a, z, zimeshuka moja chini ya nyingine kama ngazi. Betri gani hiyo inayoua kwa ngazi?

Nikampelekea fundi wa redio na simu, Langoni. Kabla hajagusa parafujo akanionya, "Bi mkubwa, nikiifungua, waranti imekufa." Nikamwambia ilikwisha kuzikwa Malindi. Ndani mna karatasi tatu za plastiki zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari inayopitisha umeme, ya katikati ina matundu, na kitufe kikibonyezwa mistari ya juu na ya chini hugusana tunduni. Vitufe havina kila kimoja mstari wake, bali hushirikiana, na katika kibodi yangu hivyo vinne vilishirikiana mmoja. Fundi akanionyesha ukingoni mahali ambapo mstari huo ulikuwa umeliwa, upana wa uzi tu, na unga mweupe pembezoni. Chumvi. Chumvi inayokula bawaba za milango yetu ndiyo iliyokula a yangu. Palikuwa pia na doa la rangi ya kahawia, mbali kidogo na mstari ule. Fundi alilitazama, akanitazama, hakuuliza, nami sikusema.

Alisafisha kwa spiriti, kisha akaunga pale palipokatika kwa tone la rangi ipitishayo umeme, ile ambayo mafundi huungia mistari ya kioo cha nyuma cha gari, ingawa mtaani kwetu vinavyopita ni punda. Ikakauka, na a ikaandika.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kibodi yenyewe naipa nne, au tuseme tatu, kwa kuwa kitu kinachouzwa pwani kingepaswa kuvumilia hewa ya pwani. Na nikiikumbuka ile miezi ya mwanzo narudi kwenye nne. Duka silipi hata moja. Sasa nachapa kwa ncha za vidole, kwa upole, isipokuwa katika aya ile ya Malindi, ambapo mkono ulinizidi na z ikagoma mara mbili. Na zile betri nilizolipishwa, hadi ninapoandika haya, hazijaisha.