Laini mbili za intaneti kwenye kompyuta moja: ununue nini, uache nini

Kabla hujatoa pesa, amua unachotaka: intaneti isikatike, au iende kasi zaidi? Vifaa vingi vinavyouzwa kwa sifa ya kuunganisha laini hufanya la kwanza vizuri na la pili nusunusu. Tuseme una laini ya Mbps 40 na nyingine ya Mbps 20. Faili la GB 6 linaloshuka kwa muunganisho mmoja litapita laini moja tu, na hata likipata ile ya Mbps 40 litachukua dakika 20. Programu inayovuta vipande vingi kwa mpigo, kama torenti, ndiyo inayoweza kutumia Mbps zote 60 na kumaliza kwa dakika 13 na ushee.

Nafasi ya kwanza: ruta yenye WAN (mlango wa kuingizia laini ya intaneti) zaidi ya moja

Kwa nyumba nyingi hii ndiyo ya kununua. TP-Link ER605 ni mfano mzuri: ndogo, milango yake ni ya gigabiti, na inagawa mzigo kati ya laini au kuhamia ya akiba ile kuu ikifa. Haina Wi-Fi, na wengi hugundua hilo wakishafungua boksi. Ruta yako ya zamani inaweza kuendelea kurusha Wi-Fi. Iweke katika hali ya access point, yaani irushe Wi-Fi tu na kuiachia ruta mpya kazi nyingine.

Kwenye kuifunga, makosa ni yaleyale. Mara nyingi modemu zote mbili huwa zimetoka kiwandani na anwani ileile, mfano 192.168.1.1, basi ruta inachanganyikiwa na laini moja inakataa kuwaka. Badilisha moja iwe 192.168.2.1, na mtandao wa ndani uwe namba nyingine kabisa, mfano 192.168.10.1. Kisha andika kasi halisi ya kila laini, ile uliyoipima, siyo iliyo kwenye tangazo. Ukiacha mgawo sawa kwa sawa, laini ndogo inajaa huku kubwa imelala.

La tatu ndilo linalowatesa watu zaidi. Ruta hutakiwa kupima kama laini iko hai, na ikipima kwa kuipigia ping modemu yenyewe (kuitumia ujumbe mfupi na kungoja jibu), modemu itajibu hata kama waya wa nje umekatika. Iambie ipime anwani za mbali kama 1.1.1.1 na 8.8.8.8.

Na ukiona tovuti ya benki inakutoa kila dakika, ni kwa sababu inakuona ukija na anwani mbili za IP. Washa kipengele cha "Application Optimized Routing", au uilazimishe tovuti hiyo ipite laini moja.

Ya pili: usinunue kitu

Chomeka laini moja kwa waya, nyingine kwa Wi-Fi, halafu uiambie Windows ipendelee ipi. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, fungua Properties za kila laini, chagua IPv4, kisha Advanced. Ondoa tiki ya "Automatic metric", weka 10 kwa kuu na 50 kwa akiba. Rudia kwenye IPv6, la sivyo baadhi ya tovuti zitaendelea kupita njia usiyoitaka. Kasi haiongezeki hata kidogo. Na modemu ikiwa inawaka lakini laini imekufa, mara nyingi kompyuta itaendelea kuing'ang'ania hadi uchomoe waya.

Ya tatu: programu ya kuunganisha laini

Speedify na wenzake ndio wanaojumlisha kasi kweli, hata kwa faili moja: pakiti zinagawanywa kwenye laini zote, kisha zinakusanywa kwenye seva ya mbali. Inafaa sana kwa mkutano wa video, kwani laini moja ikianguka simu haikatiki. Gharama yake ni malipo ya kila mwezi au mwaka, ping (muda wa kungoja jibu) inayoongezeka kwa sababu ya mzunguko wa seva, na huduma za filamu zinazokataa anwani za VPN, yaani za seva za kati kama hizo. Jaribu ya bure kwanza.

Ya nne: kompyuta kuukuu yenye pfSense au OPNsense

Hizi ni programu za bure zinazoigeuza kompyuta kuwa ruta. Njia hii ina nguvu kuliko zote, lakini inataka kadi mbili au tatu za mtandao, inakula umeme usiku na mchana, na anayeifunga ndiye atakayeitwa kila ikigoma. Kwa apendaye kuchokonoa, sawa.

Swichi ya kawaida iache dukani. Inaongeza matundu ya waya, haiunganishi laini. "Bridge Connections" ya Windows nayo haijumlishi kasi.

Laini ya pili ipite njia tofauti na ya kwanza, mfano faiba na 4G. Kampuni mbili zinazotumia nguzo moja hukatika kwa pamoja gari likiigonga. Modemu zote na ruta zichomeke kwenye UPS moja (betri ya akiba umeme ukikatika).