Maoni kuhusu kozi ya mtandaoni: wanawake wa kikabaila na utawala, Uingereza na Wales

Kozi hii ya sauti, inayohusu wanawake wa tabaka la makabaila katika Uingereza na Wales za Zama za Kati, inastahili kusikilizwa hasa kwa sababu mwalimu wake hatosheki na sifa za mashujaa. Kila anapomtaja mwanamke mwenye nguvu, huuliza ardhi yake ilitoka wapi, nani alipaswa kumtii, na nguvu hiyo ilikoma vipi.

Somo bora kuliko yote ni la Joan, anayejulikana kwa Kiwelisi kama Siwan, binti wa Mfalme John wa Uingereza aliyezaliwa nje ya ndoa na kuolewa na Llywelyn ap Iorwerth, mtawala wa Gwynedd, kaskazini mwa Wales. Mwaka 1211 John aliivamia Gwynedd, na maji yalipomfika Llywelyn shingoni, Siwan ndiye aliyetumwa kwa baba yake kuomba amani. Masharti yalikuwa mazito, kwani Llywelyn alipoteza nchi iliyo mashariki ya mto Conwy na kutoa mateka, lakini hakuvuliwa utawala. Mwaka 1230 William de Braose, kabaila wa Kinormani, alinyongwa baada ya kukutwa chumbani kwa Siwan, naye Siwan akafungwa. Nilishukuru kwamba mwalimu hakuishia kwenye fedheha hiyo, bali alionyesha jinsi mume alivyomrejeshea nafasi yake na, Siwan alipofariki mwaka 1237, akaanzisha nyumba ya watawa Wafransisko huko Llanfaes kwa heshima yake.

Ulinganisho wa sheria nao umefanywa kwa umakini. Uingereza, binti aliweza kurithi ardhi pasipokuwa na mtoto wa kiume; ndivyo Nicola de la Haye alivyopata ulinzi wa ngome ya Lincoln, akaitetea ilipozingirwa mwaka 1191 na tena mwaka 1217, akiwa tayari mjane mzee. Sheria ya Wales ilimnyima mwanamke urithi wa ardhi, kwa hiyo nguvu yake ilipitia zaidi kwenye ndoa, undugu na mazungumzo. Ndiyo maana inasisimua kumsikia Senena akifunga mkataba na Henry III, mfalme wa Uingereza, mwaka 1241 ili mumewe Gruffudd, mwana wa Llywelyn, atolewe kifungoni kwa Dafydd, ndugu wa Gruffudd wa baba mmoja na mtawala mpya wa Gwynedd. Mfalme alimchukua kweli, lakini akamfungia katika Mnara wa London, ambako alianguka na kufa mwaka 1244 akijaribu kutoroka.

Somo la Æthelflæd, aliyetawala Mercia, ufalme wa zamani katikati ya Uingereza, ndilo lililonisikitisha. Linaishia kwenye kifo chake huko Tamworth mwaka 918, bila kusema kwamba binti yake Ælfwynn alinyang'anywa mamlaka ya Mercia muda mfupi baadaye na mjomba wake, Mfalme Edward. Kwa kozi inayouliza nguvu ilikoma vipi, hilo ni pengo kubwa. Gwenllian ferch Gruffydd, mwanamke wa Wales aliyeuawa karibu na Kidwelly mwaka 1136 akiongoza jeshi dhidi ya Wanormani, naye amepitiwa juujuu.

Sauti ni safi. Hata hivyo, hakuna mchoro wa nasaba, na akina Gruffudd ni wengi mno kwa msikilizaji mgeni kuwatofautisha kwa masikio peke yake. Nashauri aanze na somo la Siwan, kisha la Senena, kabla ya kurudi nyuma kwa Æthelflæd.